Jinsi ya Kusoma na Kutumia Ramani za Zamani za Milima ya Usambara: Reli za Magogo, Misitu na Machimbo (Mwongozo Kamili)

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, magogo ya mwangati yaliteremka kutoka Shume hadi stesheni ya Mkumbara yakining'inia kwenye waya. Waliokuwa wakikata ni kampuni ya Wilkins & Wiese, waya ulijengwa na Bleichert wa Leipzig, na kule juu kwenye kiwanda cha kupasulia mbao Wajerumani walikuita Neu-Hornow. Leo ukiwa Mkumbara ukafungua ramani ya simu, utaona barabara kuu, reli, nyumba kadhaa, kisha kijani kitupu hadi ukingoni mwa mlima. Waya haupo, nguzo hazipo, na hilo jina la Neu-Hornow ndiyo kabisa.

Vitu kama hivyo vimebaki kwenye ramani za zamani. Mwongozo huu ni kwa yeyote mwenye sababu ya kuvitafuta: mwanakijiji aliyeingia kwenye mvutano wa mpaka na hifadhi, mwanafunzi wa historia, mwongoza watalii anayetaka njia isiyojulikana, mchimbaji mdogo, au mjukuu anayetaka kujua babu yake alikata magogo wapi. Nimechukua Usambara kwa sababu ndiyo milima ninayoijua ramani zake, lakini hatua hizi zinafaa Uluguru, Pare, hata Kakamega kule Kenya, ambako dhahabu iliwavuta watu kwa maelfu miaka ya 1930.

Shika jambo moja tangu sasa. Kila ramani ya milima hii ilichorwa na mtu aliyekuwa akitafuta kitu: mbao, njia ya kupitisha askari, mpaka wa hifadhi, mahali pa shamba la kahawa. Alichokitafuta alikichora vizuri. Asichokihitaji alikiruka, au alikikisia.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

"Nataka ramani za zamani za Lushoto" si swali, na karani wa ofisi ya ramani hawezi kukusaidia nalo. "Reli ya Sigi ilipita upande gani wa mto kabla ya kufika stesheni?" ni swali. "Mwaka 1960 msitu ulikuwa unaishia wapi juu ya kijiji chetu?" pia ni swali. Sentensi hiyo itakuambia unahitaji ramani ya mwaka gani na ya kipimio gani, na itakuokoa gharama ya kununua karatasi tano wakati ulihitaji moja.

Hatua ya 2: Zijue ramani zilizopo

Kwa Usambara kuna matabaka manne, na kila moja lina tabia yake.

La kwanza ni ramani za wasafiri. Oscar Baumann alipita milimani humu, na kitabu chake kuhusu Usambara na nchi jirani kilitoka Berlin mwaka 1891 kikiwa na ramani. Ramani za aina hii ni nzuri kwa majina na njia za misafara. Kwa kupima umbali, ziache.

La pili ni ramani kubwa ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kwa kipimio cha 1:300,000, iliyosimamiwa na Paul Sprigade na Max Moisel na kuchapishwa Berlin karatasi baada ya karatasi hadi kukaribia vita. Ni ramani ya kupendeza kuitazama, ila ujue ilivyotengenezwa. Afisa, mmisionari au mtafiti alitembea na dira na saa. Kila njia ilipopinda aliandika mwelekeo na muda, na urefu wa mlima aliukadiria kwa kipimahewa. Daftari likapelekwa Berlin, na huko mchoraji akaunganisha njia za watu wengi kuwa karatasi moja. Ndiyo maana majina yamejazana kando ya njia kama shanga kwenye uzi, na katikati ya njia mbili panabaki peupe. Weupe huo haumaanishi kwamba hapakuwa na watu. Unamaanisha kwamba mwenye daftari hakupita. Vita vilipoanza, Waingereza walichapisha upya ramani hizo hizo kwa matumizi ya jeshi lao, kwa hiyo usishangae kukuta karatasi yenye maelezo ya Kiingereza pembeni na makosa ya Kijerumani katikati.

La tatu ndilo la kazi hasa: ramani za 1:50,000, mfululizo unaoitwa Y742 kwa Tanzania (Kenya ni Y731, Uganda ni Y732). Mwaka 1946 Uingereza iliunda idara ya upimaji wa makoloni, ambayo mwaka 1957 ilibadilishwa jina ikawa Directorate of Overseas Surveys, kwa kifupi DOS. Ndege zilipiga picha za anga, wapimaji wakaweka alama za vipimo vileleni, na ramani zikachorwa kutoka kwenye picha. Hapa ndipo mlima unapata kontua za kweli (mistari inayounganisha mahali penye urefu sawa), msitu unapata ukingo, na viwanda vya mbao, mashamba ya chai na mkonge, misheni na njia za miguu vinaonekana.

La nne ni ramani za kazi maalumu, ambazo wengi huzisahau. Idara ya misitu ina ramani za mipaka ya hifadhi, kila moja na namba inayoanza na herufi Jb. Idara ya jiolojia, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuweka makao Dodoma, ilichora ramani za miamba na madini ambazo kila karatasi inafunika nusu digrii kwa nusu digrii. Ukitafuta machimbo, anza na hizi za jiolojia, maana ramani ya kawaida inaonyesha mgodi pale tu ulipokuwa mkubwa kiasi cha kuonekana angani.

Usitegemee tabaka moja likupe kila kitu. Dhahabu ya Sakale, upande wa Amani, iliwavuta wachimbaji wadogo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ramani ya 1:50,000 ya enzi ya ukoloni haina hata alama moja ya uchimbaji huo, wala haikuweza kuwa nayo. Ramani inaishia siku picha ilipopigwa.

Hatua ya 3: Zipate

Anza nyumbani. Idara ya Upimaji na Ramani katika Wizara ya Ardhi huuza nakala za 1:50,000. Nenda na namba ya karatasi, si jina la kijiji. Namba ya Tanzania ina sehemu mbili, mfano 186/4. Sehemu ya kwanza ni mraba wa nusu digrii, na ya pili ni robo ya mraba huo: 1 ni kaskazini-magharibi, 2 kaskazini-mashariki, 3 kusini-magharibi, 4 kusini-mashariki. Kwenye kaunta kuna ramani ya faharasa ya nchi nzima iliyokatwa miraba. Ielekezee kidole sehemu yako, soma namba, kisha uliza swali ambalo wengi hawaulizi: "Mna toleo la kwanza, au hili la baadaye tu?" Toleo la baadaye huwa limefuta mambo mengi unayoyataka, hasa viwanda vya mbao vilivyokufa.

Ramani za Jb ziko kwa TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na ofisi ya misitu ya wilaya ndiyo mlango wa kwanza. Za jiolojia ziko GST, taasisi ya jiolojia ya taifa, Dodoma. Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, zina mafaili ya enzi ya Mjerumani na ya Mwingereza, na ndani ya mafaili ya misitu na mashamba mara nyingi kuna michoro iliyokunjwa ambayo haimo kwenye orodha yoyote ya ramani. Omba faili la mkataba wa ukataji miti, si "ramani".

Nje ya nchi, Maktaba ya Taifa ya Berlin ina ramani za Kijerumani. Maktaba ya Uingereza imeweka bure mtandaoni mamia ya ramani za jeshi za Afrika Mashariki za kati ya 1890 na 1940, ila nyingi ni za upande wa Kenya na Uganda. Mkusanyo wa taifa wa picha za anga ulioko Edinburgh una picha za DOS zenyewe, yaani zile ambazo ramani ya 1:50,000 ilichorwa kutoka kwazo. Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu, nunua picha mbili zinazofuatana za eneo lako. Zinapishana kwa zaidi ya nusu, na ukizitazama pamoja kwa miwani ya kuunganisha picha, mlima unainuka mbele yako. Kiwanda cha mbao hujitokeza kama kipara cheupe ambapo njia nyingi nyembamba zinakutana karibu na maji. Hakuna ramani itakayokupa picha kama hiyo.

Hatua ya 4: Soma pembezoni kabla ya katikati

Watu hukimbilia kutafuta kijiji chao. Subiri kwanza. Pembezoni mwa karatasi kuna mambo matano ya kuandika kwenye daftari:

- Mwaka wa picha za anga au wa upimaji, na mwaka wa kuchapishwa. Vyaweza kupishana kwa miaka mingi. Tarehe ya ramani yako ni ule wa picha.
- Kipimio. Kwa 1:50,000, milimita moja ni mita 50 ardhini. Kwa 1:300,000, milimita moja ni mita 300, na unene wa mstari wa njia peke yake unaweza kumeza kijiji.
- Tofauti ya urefu kati ya kontua. Karatasi nyingi za zamani zina futi 50, za baadaye zina mita 20. Kosea hapo na mlima wako utakuwa mfupi au mrefu kuliko ulivyo.
- Gridi na msingi wa vipimo. Tafuta maneno "Arc 1960" (huo ndio msingi wa vipimo) na "UTM Zone 37" (hiyo ndiyo gridi, ya miraba ya mita). Nitaeleza sababu kwenye hatua ya 7.
- Kwa ramani za Kijerumani, angalia longitudo inahesabiwa kutoka wapi. Baadhi ya ramani za karne ya 19 zinaanzia Ferro badala ya Greenwich, na tofauti yake ni digrii 17 na dakika 40.

Kisha tazama ufunguo wa alama. Neno "approx." kando ya mpaka au kontua ni mpimaji anakwambia kwa heshima kwamba hana hakika. Kwenye karatasi zilizochapwa haraka utakuta pia mistari ya umbo la mlima isiyo na namba za urefu. Hizo si kontua. Zinaonyesha sura ya mlima tu, usizipimie kitu.

Hatua ya 5: Yafuatilie majina

Mjerumani aliandika alichosikia kwa herufi zake. Kwa hiyo *sch* isome kama *sh*, *tsch* kama *ch*, *dsch* kama *j*, *w* mara nyingi kama *v*, na *s* inaweza kuwa *z*. Schume ni Shume, Wuga ni Vuga, Muhesa ni Muheza, Sigi leo watu wengi wanaandika Zigi. Wilhelmstal ni Lushoto, na Hohenfriedeberg ni misheni ya Mlalo. Tengeneza jedwali lako la safu tatu: lilivyoandikwa, linavyotamkwa leo, na aliyekuambia.

Shida kubwa ni majina yanayoanza na "Kwa". Msafiri aliuliza, "Hapa ni wapi?" akajibiwa jina la jumbe wa hapo. Jumbe akifa, au akihamia kilima cha pili, jina linahama naye. Ukikuta kijiji hicho hicho kimeandikwa mahali pawili kwenye ramani mbili, usiseme haraka kwamba mmoja wa wapimaji alikosea.

Hatua ya 6: Zifanye kontua zikuambie njia ilikuwa ya nini

Hapa ndipo penye utamu kwa anayetafuta reli za magogo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Njia ya miguu haijali mwinuko. Mtu akibeba mzigo anapanda moja kwa moja ukingoni, kwa hiyo kwenye ramani njia yake inakata kontua nyingi kwa umbali mfupi. Treni haiwezi. Tuseme reli inapanda mita moja kwa kila mita 40. Kupanda futi 50, yaani mita 15 na ushee, itahitaji kutembea kama mita 610, sawa na milimita 12 kwenye karatasi ya 1:50,000. Chukua rula. Kama mstari unaoufuata unakata kontua mbili zilizo umbali wa milimita 4, huo haukuwa reli, labda iwe ilipiga zigizaga. Kama unazunguka kila bonde, unaingia ndani na kutoka, na kontua inakatwa mara moja moja kila baada ya sentimita moja na zaidi, hapo una reli ya zamani, au barabara ya kuvutia magogo iliyochongwa kwa mashine, au mfereji wa maji.

Jaribu hili kwa reli ya Sigi. Ilitoka Tengeni, karibu na Muheza, ikafuata bonde la mto hadi Sigi, kilomita 23 hivi, ikafunguliwa mwaka 1910. Upana wake ulikuwa milimita 750 tu, wakati reli kuu ya Tanga ilikuwa ya mita moja, kwa hiyo kila gogo na kila gunia lilishushwa Tengeni na kupakiwa upya. Ukijua hilo utajua cha kutafuta Tengeni: eneo pana, tambarare, la kuweka mizigo, siyo njia panda tu. Upande wa juu, jengo la enzi ya stesheni pale Sigi bado linatumika kwenye lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, nalo ni pointi nzuri ya kuanzia kipimo chochote.

Waya wa magogo ni kinyume cha reli. Ni mstari mnyoofu unaokata kontua kana kwamba hazipo, unaoruka mabonde na magenge. Mstari wa namna hiyo ukiishia kwenye stesheni upande wa chini, si barabara. Ukifuata ardhini usitafute njia, tafuta vituo vya nguzo: misingi ya mawe au zege, iliyo kwenye vichwa vya vilima, yote katika mstari mmoja.

Kwa machimbo, ramani za jiolojia huwa na nyundo mbili zilizopishana. Nyundo zilizopinduliwa juu chini kwa kawaida zinamaanisha mgodi uliokufa. Pale penye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, ramani ya kontua haitakuonyesha kitu, kwa kuwa shimo lenye upana wa mita moja na nusu ni dogo mno kuchorwa kwenye 1:50,000.

Hatua ya 7: Iweke ramani kwenye kompyuta na uifunge na ardhi

Skani kwa nukta 300 kwa inchi au zaidi. Karatasi ya 1:50,000 inafunika dakika 15 kwa 15, yaani takriban kilomita 27.7 kila upande, nayo ni sentimita 55 za karatasi. Kwa nukta 300, pikseli moja ni mita 4.2 ardhini, na hiyo inatosha. Kama huna skana kubwa, piga picha vipande vipande ukiwa umeitandaza chini ya kioo, usipige karatasi iliyokunjamana ukutani.

Programu ya kutumia ni QGIS, programu ya ramani ya bure. Kwenye menyu ya Layer fungua Georeferencer na uingize picha yako. Kazi ni kuiambia kompyuta: pikseli hii ni mahali hapa duniani.

Anza na kona nne za fremu ya ramani, siyo za karatasi. Karatasi yenye mji wa Lushoto inaanzia latitudo 4°45′ hadi 5°00′ kusini, na longitudo 38°15′ hadi 38°30′ mashariki. Badili dakika ziwe desimali, na kusini kuwe hasi. Kona ya juu kushoto inakuwa X 38.25 na Y -4.75, ya chini kulia X 38.5 na Y -5.0. Ongeza alama za dakika zilizo kwenye kingo, mbili au tatu kila upande. Kuza picha hadi uone pale mistari inapokutana, ndipo ubofye.

Kila mfumo wa koodineti una namba yake inayoanza na EPSG; chagua EPSG:4210, ambao ni Arc 1960 kwa digrii. Ukiamua kutumia makutano ya gridi ya UTM badala ya kona, chagua EPSG:21037. Usichague WGS 84, mfumo wa GPS, kwa sababu tu ndiyo unayoiona kwenye simu. Kati ya Arc 1960 na WGS 84 kuna tofauti ya takriban mita 300. Kwenye tambarare ya Korogwe hiyo ni usumbufu, Usambara ni kujikuta upande wa pili wa mlima ukitafuta kiwanda bondeni kusiko. Ramani ikishakaa, ibadilishe kwenda EPSG:32737 (WGS 84 kwa gridi ya UTM), na QGIS ikikuuliza njia ya kubadilishia, chukua ile iliyoandikwa Tanzania.

Aina ya ukunjaji, yaani namna QGIS inavyoivuta picha ikae mahali pake: kwa skani safi, Polynomial 1. Kwa karatasi iliyovutwa na unyevu, Polynomial 2, yenye pointi zisizopungua sita zilizotawanyika vizuri. Tazama safu ya makosa. Pikseli tano ni mita 21, hapo uko salama. Pointi moja ikiwa na 40 wakati nyingine zina 3, umeandika namba vibaya, usiendelee kabla ya kuirekebisha. Thin Plate Spline itakuonyesha kosa sifuri daima, kwa sababu inailazimisha picha ipite kwenye kila pointi uliyoweka hata kama ni ya uongo. Sifuri hiyo isikufurahishe.

Karatasi ya Kijerumani ya 1:300,000 inataka mkono mwingine. Fremu yake iko sawa, kilicho ndani ndicho kimeyumba. Ifunge kwa vitu ambavyo havijahama: stesheni za reli kuu kama Muheza, Korogwe na Mombo, makutano ya mito, vilele vinavyojulikana, makanisa ya misheni. Weka pointi nyingi na hapa tumia Thin Plate Spline, ukijua kwamba karibu na reli utakuwa sahihi kiasi na kadiri unavyoingia ndani ya milima unaweza kupotea kilomita nzima. Ramani hii haitakupeleka kwenye msingi wa nguzo. Itakuambia kwamba nguzo zilikuwepo, na utafute upande upi.

Mwisho iweke juu ya picha ya setilaiti, upunguze ukolezi wake hadi nusu, na ukague vitu vitatu: makutano ya mito, ukingo wa genge, na kona kali ya barabara ya zamani. Mito ya tambarare huhama, ya milimani huhama kidogo, kwa hiyo amini makutano ya juu.

Hatua ya 8: Linganisha miaka

Chora kwa mkono ukingo wa msitu kwenye kila ramani, kila mwaka rangi yake, na uandike chanzo kwenye kila mstari. Usambara Mashariki utahitaji kujua kwamba miaka ya 1970 hadi katikati ya 1980 kulikuwa na uvunaji wa mbao kwa mashine, uliosaidiwa na Finland, na kwamba hifadhi ya Amani ilitangazwa mwaka 1997. Barabara za magogo za kipindi hicho hazimo kwenye toleo la kwanza la 1:50,000. Ukiziona kwenye setilaiti ukadhani ni za Mjerumani, utaandika historia ya uongo.

Tahadhari nyingine: rangi ya kijani. Kwenye ramani moja kijani ni miti mirefu tu, kwenye nyingine inameza vichaka na mashamba ya miti ya kupandwa. Kabla hujasema msitu "umeongezeka", soma ufunguo wa alama wa zote mbili.

Hatua ya 9: Panda mlimani

Weka ramani kwenye QField, programu ya simu inayofungua kazi za QGIS, ili ifanye kazi bila mtandao, na chapa pia kipande cha karatasi ukitie kwenye plastiki. Chini ya miti minene simu inaweza kukudanganya kwa makumi ya mita. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, kwa utelezi na ukungu utaona kidogo sana, kwa hiyo panga kwenda kiangazi.

Ndani ya hifadhi unahitaji kibali cha TFS, na Amani unalipa ada na kupewa mwongozaji. Usijaribu kupita kwa njia ya panya ukiwa na GPS mkononi, utaonekana mtafuta madini.

Kabla ya kupanda, keti na wazee. Wasalimie, jieleze umetoka wapi na unatafuta nini, na ramani iache kwanza mfukoni. Ukimtandazia mzee karatasi na kumwuliza, "Mzee, kiwanda kilikuwa hapa, siyo?" atakubali kwa adabu na utaondoka na jibu lako mwenyewe. Uliza hivi: "Shikamoo mzee. Magogo yalikuwa yanashukia wapi? Nani alikuwa akipiga kengele ya kazi? Maji ya kiwanda yalitoka mto gani?" Akishamaliza kueleza, ndipo utoe ramani muifuate pamoja. Na waulize kina bibi vilevile; waliobeba chakula kambini wanakumbuka njia ambazo wapasua mbao hawakuzitumia.

Kwenye mashimo ya zamani usisogee ukingoni. Magugu hufunika mdomo wa duara usiuone kabisa, na udongo wa pembeni umeoza. Rekodi koodineti kutoka mbali, weka alama, toka.

Kuhusu mipaka na leseni

Ramani ya 1:50,000 inaonyesha mpaka wa hifadhi, lakini mpaka wa kisheria uko kwenye tangazo la Gazeti la Serikali pamoja na ramani ya Jb iliyotajwa humo. Kama kijiji kina mvutano, mambo matatu yawekwe mezani pamoja: tangazo na Jb yake, cheti cha ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na bikoni (alama za mpaka ardhini) zenyewe zikitembelewa na pande zote mbili. Ramani ya zamani inafaa kama ushahidi wa nyongeza, mfano kuonyesha kwamba njia au makazi yalikuwepo kabla ya hifadhi. Peke yake haishindi kesi, na mtu anayewauzia wanakijiji nakala yake kwa ahadi hiyo mkwepeni.

Vivyo hivyo kwa madini. Kuona nyundo mbili kwenye ramani ya Dodoma hakukupi haki ya kuchimba. Sheria ya Madini ya 2010 inataka leseni hata kwa mchimbaji mdogo, na ndani ya hifadhi mambo ni magumu zaidi.

Hatua ya 10: Hifadhi kazi yako ili mwingine aielewe

Faili lisiitwe "ramani mpya final2". Liite kwa namba ya karatasi, mwaka wa picha, toleo na mfumo wa koodineti. Tunza skani asilia bila kuigusa, faili la pointi ulizotumia kuifunga, na maandishi mafupi yanayosema ulipata wapi nakala, kosa la wastani lilikuwa mita ngapi, na maeneo gani huyaamini. Ya wazee yaandike kwenye safu ya peke yake, pamoja na idhini yao kama wanataka kutajwa au la. Kisha nakala moja iache ofisi ya kijiji na nyingine shule ya sekondari iliyo karibu, zikiwa zimechapwa kwenye karatasi, kwa kuwa flashi huwa inapotea.